Sinia Tano za Magimbi

Siku ya kuonja magimbi Telesia hakumwachia mtu joko. Alipanga mawe kwa mikono yake, akayachochea moto mpaka yakawa meupe, akaweka magimbi juu yake kwa mafungu matano yasiyogusana, kisha akafunika kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, asiachie mvuke pa kutokea.

"Hata nikizimia hapa, usiyachanganye," alimwambia jirani yake Kolotita.

"Ukizimia nitakula kwanza, ndipo nikumwagie maji."

Telesia alicheka, akabana jani lililoinuka. Mwaka uliopita alipanda mbegu inayozaa magimbi makubwa kama kichwa cha ndama. Mnunuzi akaja, akapakia, akapeleka Nyuzilandi. Wenyeji wa huko walipoyachemsha yakarojeka sufuriani kama uji, na mnunuzi hakuonekana tena. Na shamba lake la ekari mbili lilikuwa la ukoo, na mkuu wa ukoo alikuwa Pelenato, kaka wa marehemu mumewe, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Shemeji," alikuwa amemwambia, "nakupa msimu mmoja. Ukishindwa, naweka uzio, naleta ng'ombe. Ng'ombe haulizwi ladha."

Ndiyo maana Telesia alimpokea vizuri Ropati, kijana wa Chuo Kikuu aliyezaliwa Apia, mji mkuu wa visiwa vyao, na kusomea ng'ambo. Mwaka mzima Ropati alikuwa akija na mizani yake na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Walijaribu mbegu tano pembeni mwa shamba, na zote zilistahimili ugonjwa wa majani. Kilichobaki kilikuwa ladha. Chuo kingempa Telesia miche ya kujaza ekari zote mbili, lakini ya mbegu moja tu, na ilibidi aitaje kabla ya Jumatatu, maana mvua zilikuwa karibu.

Wageni walifika arobaini na watatu, wakaketi kwenye mikeka, miguu wameikunja. Mchungaji alionja wa kwanza, akafuata Pelenato, kisha wengine kwa heshima zao. Sinia zilikuwa tano, kila moja na utepe wake: mwekundu, wa manjano, wa kijani, wa buluu na mweupe. Ropati aligawa karatasi na kalamu.

"Wazee wangu, mama zangu, andikeni ukweli," alisema. "Kizuri mseme kizuri, kibaya mseme kibaya."

Watu wakala, wakatikisa vichwa, wakaandika. Wasichana walijaza sinia kila zilipopungua, kama walivyofundishwa kwao, asije mgeni akaona chakula kinakwisha. Ropati alipokusanya karatasi, alizisoma moja baada ya nyingine, na uso wake ukazidi kurefuka. Nyekundu: nzuri sana. Manjano: nzuri sana. Hata nyeupe, ambayo Telesia alijua inawasha koo, imesifiwa mara arobaini na tatu.

"Jamani, hakuna hata moja isiyopendeza?"

"Mwanangu," Kolotita alisema kwa upole, "tumealikwa, tumelishwa. Ulitaka tumtukane Telesia mbele ya mchungaji?"

"Lakini, mama, mimi ndiye ninayeuliza!"

"Na wewe ni mgeni wetu. Tukutukane na wewe pia?"

Watu wakacheka mpaka mikeka ikasogea. Pelenato alijifuta midomo. "Daktari, hapo umekwama. Basi andika tu la utepe mwekundu, ndilo lenye uzito."

Ropati alimwendea Telesia nyuma ya nyumba. Macho yalikuwa mekundu, huenda ni moshi. "Mama, la utepe mwekundu ndilo linalozaa sana. Lakini sijui kama linafaa. Nikiandika kwa kubahatisha, yatakupata ya mwaka jana."

Telesia alichukua kijiti, akachokoa majivu, akafikiri juu ya wale waliokuwa wakimwangalia kwa tabasamu na kumwambia nzuri sana, nzuri sana. Wangemwambia hivyo hivyo mpaka ng'ombe waingie. Akasimama, akakung'uta shuka yake.

"Waambie wasichana waache kujaza sinia," alisema. "Kisha zipeleke mlangoni, na wewe usisimame karibu. Nenda ukaoshe vyombo."

"Nioshe vyombo?"

"Osha. Na uangalie sufuria, usiniangalie mimi."

Halafu akawatangazia wageni kwamba kila nyumba ichukue vipande sita kwa ajili ya waliobaki nyumbani, wajichagulie wenyewe, yeye ana kazi jikoni. Akaleta mapakacha matupu, akageuka.

Mlangoni palikuwa na adabu kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha Kolotita akapenyeza kiwiko. Mke wa mchungaji akamwambia, "Dada, mimi nina watoto saba," huku mkono wake uko tayari kwenye sinia ya buluu. Mzee mmoja aliyefika amechelewa, akakuta buluu imebaki vipande viwili, akavitia vyote mfukoni, vingali na joto na majivu. Hapo ndipo wakaigeukia ya manjano.

Walipokwisha kutawanyika, wakabaki Pelenato na mkewe tu, Ropati alileta mizani akapima mabaki. Buluu: hakuna kitu. Manjano: nusu. Kijani: robo tatu. Nyekundu ilikuwa karibu nzima, na nyeupe hata vipande havikuwa vimesogea.

"La buluu linazaa pungufu kwa theluthi moja, mama," Ropati alisema. "Lazima nikwambie."

"Mwaka jana nilivuna mengi," Telesia alijibu. "Yaliyobaki nikawalisha nguruwe. Niandikie la buluu."

"Umechagua dogo!" Pelenato alinguruma kutoka kwenye ngazi. "Shemeji, mimi nimesema nyekundu."

"Fungua pakacha lako, shemeji."

"Ya nini?"

"Fungua tu."

Pelenato alilikumbatia pakacha kifuani kama mtu aliyeshika mtoto, lakini mkewe alikwisha kulifunua. Vipande sita, vyote vyenye weupe wa kizambarau wa gimbi la buluu, hakuna cha sinia nyingine. Mkewe akaangua kicheko, akashikilia nguzo asianguke.

Pelenato alitazama angani, akatazama mikeka. "Ni kwa ajili ya mama," alisema. "Meno yake." Kisha, kwa sauti ndogo isiyo ya kanisani, akamwuliza Ropati: "Hiyo miche inafika lini?"

"Jumatano, mzee, kama barabara haijafurika."

"Basi Alhamisi nitaleta wanangu wanne wa kuchimba mashimo. Na Telesia asiwape chai mpaka safu ya kumi, wavivu wale."

Telesia akamtilia kipande kimoja cha manjano kwenye pakacha lake, ale njiani.