Miraba Midogo ya Mugutha

Waruguru alikuwa akipalilia nduma zake kando ya kijito cha Mugutha, Sumeya aliposhuka na chupa tupu na ramani. Ilikuwa mwaka 1996, kabla ya mvua ndefu. Sumeya alikuwa ametumwa na ofisi moja ya Thika kupima maji.

"Mbona ramani yako imejaa visanduku?" Waruguru aliuliza.

"Nimeigawanya Mugutha, Mama. Mraba mkubwa naukata vipande vinne. Mahali penye mambo mengi, kama hapa mtoni, nakata tena na tena. Kila mraba unatoa chupa yake. Hivyo shamba la kahawa haliwezi kukisemea kiwanda."

Kiwanda kilikuwa cha ngozi, mali ya Bwana Githinji, na kilimwaga maji meusi kijitoni. Nduma za Waruguru zilikuwa zikioza, na ndizo zilizotarajiwa kumpeleka bintiye Waceke sekondari.

Sumeya alimalizia kuchora jikoni kwa Waruguru, akinywa chai. Asubuhi iliyofuata mistari ya ramani ilikuwa ardhini, myeupe, imenyooka. Mmoja ulipita katikati ya kitanda. Gachau, mume wa Waruguru, aliupangusa kwa kitambaa, haukutoka, akavaa viatu akaenda kazini.

Tangu hapo kila kitu kilikaa katika mraba wake. Uvundo wa kiwanda ulikomea kwenye mstari. Ukivuka unaunusa, ukirudi nyuma unanusa mikaratusi. Maji meusi nayo yalifika mstarini, chini ya ukuta wa kiwanda, yakasimama kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa. Kisha yakaanza kupanda ndani. Bwana Githinji akawa anatia sahihi barua akiwa amesimama juu ya meza. Huku chini nduma zilichipua, na Waruguru alichota maji ya kunywa kijitoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Aliyanywa akiwa ameketi, polepole.

Bwana Githinji alienda Thika kumwona Kagwe, mkubwa wa Sumeya. Kagwe alifungua dirisha, kwa sababu ya viatu vya mgeni, kisha akachukua raba ya kufutia.

"Hii miraba midogo inaleta fitina," alimwambia Sumeya. "Tutumie ule mkubwa. Changanya chupa zote, tupate wastani."

"Mkubwa, wastani utaficha kiwanda."

"Utaficha aje, na kiwanda kiko ndani?"

Akafuta. Mugutha ikawa mraba mmoja, na kila kilichokuwemo kikawa cha wastani. Visima vyote vilitoa maji ya rangi ya chai iliyopoa. Uvundo ulipungua kiwandani ukaingia kanisani, shuleni na kwenye maziwa. Mbwa wakali wakawa wakali kiasi. Nywele nazo ziligawanywa: za wanawake zilipungua, na wanaume wenye vipara wakaamka wamefunikwa. Gachau alinunua kitana.

Waruguru aliomba chifu aitishe baraza. Alikuja na nduma iliyooza upande mmoja, akaiinua juu.

"Sasa wote tunakunywa ngozi," alisema. "Tumwambie Kagwe arudishe miraba midogo."

Wanawake walipiga makofi. Ndipo Gachau akasimama, akapitisha mkono kichwani.

"Mama Waceke anasema kweli," alisema. "Lakini tusiharakishe."

Wenye nywele mpya walikuwa wengi, na chifu alikuwa mmoja wao. Jambo likaahirishwa. Jioni Waruguru alimpikia mumewe ule upande uliooza, na Gachau akaumaliza bila kunung'unika, maana alijua sababu.

Ripoti ya Kagwe ilisema hakuna mahali Mugutha palipozidi kiwango, na ilikuwa kweli. Sumeya alihamishiwa mbali, kupima upepo.

Mvua ndefu ilipokwisha, wanaume kutoka Ruiru mjini walifika ofisini kwa Kagwe, kofia mkononi, vipara vikimeremeta, kuomba mraba uongezwe uwafikie. Kagwe aliwaeleza wazi habari ya maji. Wakanong'onezana kidogo.

"Hayo tutachemsha," wakasema.