Kitanda cha Rafiki wa Sponji

Siku ile mjinga alikuwa Sponji, na wala hakatai. Ukimuuliza leo atakucheka kwanza wewe uliyeuliza, kisha atajicheka mwenyewe, halafu atakwambia kwamba wajinga wako wa kila aina. Lakini mtu aliyebeba godoro jipya kichwani, akalipeleka kwenye nyumba inayowapa vitanda vijana wasio na pa kulala, akalitandika kwa mikono yake mwenyewe, kisha akageuka akarudi kulala juu ya katoni, huyo anastahili kupewa kikombe na kupigiwa makofi.

Jina la Sponji alilipata dukani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupeleka magodoro kwa wateja. Alikuwa kwenye ule umri ambao ndevu zimeshaanza lakini bado hazijatosha kumlipa kinyozi. Alijua kupitisha godoro pana kwenye ngazi yenye kona bila kugusa ukuta, na alijua kulipiga kofi likafura kama andazi. Kichwani mwake yalikuwa yamepita magodoro ya maharusi, ya wagonjwa, na ya watoto wakojozi ambao mama zao walinunua na karatasi ya nailoni kabisa. La kwake tu ndilo halikuwahi kupita.

Kwao alikuwa nako. Kisha mama yake akafariki, na baba wa kambo akaanza kulalamika kwamba nyumba ni ndogo. Nyumba ilikuwa ile ile, na kuta hazikusogea hata kidogo. Aliyepungua ni yule wa kumtetea ndani yake. Sponji hakugombana na mtu. Alivaa nguo zake zote, suruali juu ya suruali, akaondoka akitembea kama mtu aliyevimba, akahamia kwenye baraza la nyuma ya duka. Duka likifungwa, alizunguka nyuma, akatandaza katoni za magodoro, akalala. Mwenye duka hakujua. Alichojua ni kwamba kijana wake huwahi kazini kuliko wote, na alikuwa akimtolea mfano kwa wengine.

"Mwangalieni huyu," alikuwa akisema. "Sijawahi kufika nisimkute."

Mambo yaliharibika mwenye duka alipoziona katoni. Akasema wezi wanazunguka, akaita fundi wa kuchomelea aje aweke geti la chuma kwenye baraza la nyuma. Na nani alimshikia fundi nondo? Sponji huyo huyo.

"Kaza mikono, kijana," fundi alimwambia. "Tukimaliza hapa hapiti mtu."

"Hapiti," Sponji akajibu, akishikilia kwa nguvu chuma cha kumfungia nje.

Geti lilibakiza rangi na kufuli tu. Kufuli likishaingia, pangebaki stendi, na stendi Sponji alikuwa anaijua. Aliwahi kulala pale na viatu vyake akaamka bila viatu.

Wakati geti linasubiri rangi ndipo alipotumwa kwenye ile nyumba. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, ukuta wake umepakwa chokaa juzijuzi, na jikoni kuna kijana mrefu anakaanga vitunguu huku analia na kuimba kwa pamoja. Aliyempokea ni mlezi wa nyumba, mama wa makamo ambaye wote humo walimwita Mama Funguo, maana akitembea alisikika kabla hajaonekana. Alimpandisha Sponji juu hadi kwenye chumba chenye vitanda viwili na makabati mawili, kila kabati na kufuli lake. Kitanda cha dirishani kilikuwa kinasubiri godoro lile, na cha ukutani kilikuwa mbao tupu.

"Nani analala hapa?" Sponji akauliza, akilisukuma godoro likae sawa.

"Atakayekuja. Kijana asiye na pa kukaa anakuja, anakaa. Kama ana kazi, anaendelea na kazi yake. Kama anasoma, anasoma. Siku akijiweza tunamsaidia kutafuta chumba chake mwenyewe."

"Na nyinyi mnataka nini kwake?"

Hilo hakuliuliza kwa utani. Kuna bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa aliwahi kumpa chumba cha bure, halafu akamletea vifurushi vya kupeleka huku na kule, na sharti lilikuwa asivifungue. Sponji alitoroka kupitia dirisha la choo, na tangu hapo neno "bure" lilikuwa linamwasha mwili mzima.

"Aoshe vyombo zamu yake ikifika," Mama Funguo akasema.

"Basi?"

"Ungeviona vyombo vyenyewe usingesema basi." Alimtazama kuanzia juu hadi chini, na huko chini alikawia kidogo. "Na wewe, mwanangu, unalala wapi?"

"Mimi? Nyumbani." Jibu lilimtoka haraka kama chafya. Kisha, kwa kuwa godoro lilikuwa jeupe na dirisha lilikuwa na pazia, akaongeza, "Ila nina rafiki yangu."

"Ana nini rafiki yako?"

"Hana pa kulala. Ni mtu mzuri sana, mama. Hanywi, hapigani, mchapakazi. Na sura anayo."

"Aje."

"Ana aibu."

"Aje na aibu yake, makabati ni makubwa. Lakini aje kwa miguu yake na aseme kwa mdomo wake. Wanaoletwa kwa kusukumwa na shangazi zao huruka ukuta kesho yake. Humu hakuna anayemwombea mwenzake kitanda."

Mwenye akili angerudi palepale mlangoni akasema, mama, rafiki mwenyewe ni mimi. Sponji alifika barabarani, akasimama, akakuna kichwa, akaja na mpango. Siku ambayo amelala njaa mipango yake huwa mizuri sana mpaka aianze.

Alikwenda kumtafuta Redio, kijana wa rika lake aliyekuwa akiosha magari karibu na soko na kulala chini ya meza za wauza mboga. Aliitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona anapozimiwa. Sponji akampanga. Redio aingie kama ndiye rafiki, achunguze kama nyumba ni salama na kama watu hawafungiwi ndani, kisha mwishoni aseme, "Mama, mimi nimeghairi, mpeni huyu aliyenileta." Kwa namna hiyo Sponji asingeomba kitanda. Angebembelezwa akubali.

"Kazi ndogo hiyo, kaka," Redio akasema. "Nimewahi kulia msibani kwa mtu nisiyemjua."

Wakaenda. Redio hakuzunguka wala kumung'unya maneno. Alisimama mbele ya Mama Funguo, akasema, "Mama, sina pa kulala na nimechoka. Naomba kitanda." Maneno machache tu, na Sponji aliyesimama nyuma aliona haya kwa niaba yake.

Redio akapewa taulo, sabuni na ufunguo wa kabati. Akaonyeshwa bafu lenye maji ya moto na mlango unaofungwa kwa ndani. Aliingia akiwa na rangi moja, akatoka na nyingine. Akaketi kwenye kitanda cha dirishani, akalidundadunda godoro. Sponji akakohoa. Redio hakugeuka. Sponji akakonyeza mpaka jicho likachoka.

"Redio," akasema hatimaye, "hivi hukuwa na neno la kumwambia mama?"

"Ninalo." Redio akajilaza chali, mikono chini ya kichwa. "Asante, mama. Na wewe kaka, asante. Una roho ya peke yako."

"Kweli rafiki yako ni mtu mzuri," Mama Funguo akamwambia Sponji.

"Sana," Sponji akasema huku ameuma meno.

Na kwa kuwa balaa lina ucheshi wake, kesho yake nyumba ile ikaagiza godoro la kitanda cha ukutani, na Sponji akalipeleka. Mama Funguo akamuuliza tena anapolala. Nyumbani, Sponji akajibu, na mara hii hata yeye alisikia jinsi neno lilivyochakaa. Akarudi dukani, akamkuta fundi anakoroga rangi ya geti.

Siku iliyofuata geti lilikuwa linang'aa, na mwenye duka alikuwa amenunua kufuli kubwa kama kobe. Alikuwa bado analisifia simu ilipolia. Akasikiliza, akakunja uso, akamgeukia Sponji.

"Ile nyumba ya vijana wanasema godoro la pili linabonyea. Nenda kaliangalie. Usilibonyeze kwa kidole kama nesi, lala juu yake, sikia mwenyewe."

Jua lilikuwa kali. Sponji alifika akiwa na suruali zake zote mbili, jasho linamtiririka. Nyumba ilikuwa tulivu, wengi wako kazini. Akapanda juu, akavua viatu na soksi ili asichafue godoro, akalala ubavu wa kulia. Godoro halikubonyea. Akageukia ubavu wa kushoto. Zima kabisa. Akalala chali, akafumba macho ili alisikilize vizuri zaidi.

Alipofumbua, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kabla hajajua yuko wapi, mkono wake ulishuka wenyewe chini ya kitanda kutafuta viatu, kwa pupa, kama anavyofanya mtu wa stendi. Ukavikuta. Viliwekwa pamoja, vimeelekea mlangoni, na ndani ya kila kimoja kuna soksi yake imekunjwa. Sponji akabaki amevishika muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji kushikwa.

Mama Funguo alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili anakunja mashuka. Redio alisimama mlangoni, miguu bado imelowa maji ya kuoshea magari.

"Godoro lina kasoro gani?" Mama Funguo akauliza.

"Halina, mama. Nilikuwa nalipima."

"Tumesikia."

"Mimi nilisikia tangu nje," Redio akasema. "Nikajua wameleta jenereta."

"Halibonyei," Sponji akasisitiza, akiketi. "Nani alisema linabonyea?"

"Mimi. Nilidanganya," Mama Funguo akasema bila kuacha kukunja. "Na wewe ulinidanganya kuhusu rafiki, kwa hiyo tumetoka sare. Mwanangu, mtu mwenye kabati kwao havai suruali mbili kwenye jua kama hili."

Sponji akajitazama miguuni. Pindo la suruali ya ndani lilikuwa limechungulia, kama kawaida yake.

"Sasa kama ulijua, mbona hukusema?"

"Nilikuuliza mara mbili unalala wapi. Ulitaka nikuite mwongo na godoro lote lile kichwani?"

"Lakini mama, mimi nilikuja kwa ajili ya rafiki."

"Rafiki ameshapata. Sasa niletee yule aliyemleta."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu Sponji amfahamu, alizima. Sponji akaviangalia viatu, akaliangalia kabati lenye kufuli dogo, akalikumbuka lile kufuli jingine kule dukani. Maneno yalikuwa yale yale machache aliyoyasikia juzi, lakini mdomoni mwake yalikuwa mazito kuliko godoro la watu wawili.

"Ndiye mimi, mama," akasema. "Sina pa kulala na nimechoka. Naomba kitanda."

Dari halikuanguka. Mama Funguo alichomoa ufunguo mmoja kwenye shada la funguo zake, akauweka juu ya kabati, akarudi kwenye mashuka kana kwamba ameombwa chumvi.

"Na dukani niwaambie nini kuhusu godoro?"

"Waambie limepata mtu."

Hapo mtu mwingine angenyamaza akafurahi. Sponji alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha kiburi, na hakutaka kipotee bure.

"Ila mama, sitaki kumzibia mtu nafasi," akaanza. "Leo au kesho anaweza kuja mwenye shida kuliko mimi. Kitanda kiacheni kikae. Mimi nitalala hapa chini tu, sakafuni. Nimezoea."

"Mpe sakafu, mama," Redio akadakia. "Hicho kitanda nitaanikia taulo."

"Wewe nyamaza. Nasema kweli, mama, sakafu inanitosha."

Mama Funguo akamtupia shuka, likamwangukia kichwani, pale pale yanapokaa magodoro.

"Sakafu nitakupa kesho asubuhi, mwanangu, pamoja na ndoo na tambara. Leo tandika kitanda."