Dadu la Bibi

"Rusha wewe mwenyewe," mwalimu wa takwimu alimwambia muuza nyama, "usije ukasema tumekufanyia kiini macho."

Muuza nyama akakunja mikono ya shati, akarusha. Dadu likagota mezani, likabingirika, likatua. Tatu.

Kaka yake mwalimu, seremala, alisimama nyuma ya kiti cha bibi yao, jasho likimtoka kama mwizi, na hakuiba kitu. Dadu alilichonga yeye. Tangu bibi alipate, alikuwa akiwagaragaza majirani wote kwenye ludo, hata jana muuza nyama akalipuka mbele za watu: ajuza haoni, lakini sita anazipata kama kaziagiza! Ama bibi atoke mchezoni, ama fundi akiri kuwa ni tapeli.

"Mume wangu," bibi alimwita mjukuu wake, "mbona unahema kama punda? Umelitia nini dadu langu?"

"Sijalitia kitu, bibi."

"Basi hema kama watu."

Mwalimu alikuwa amechora safu sita za chaki mezani. Mirusho sitini, dadu la haki lingetoa kila upande kama mara kumi.

"Kama," alikazia. "Hata malaika akirusha, haziji sawasawa. Tunachouliza, limeyumba kidogo au limepitiliza? Hiyo ndiyo kazi ya kipimo cha kai-skwea. Kila upande natazama umeachana vipi na kumi, tofauti naizidisha kwa yenyewe, nagawa kwa kumi, halafu najumlisha zote. Jumla ikivuka kumi na moja na ushei, basi tena. Dadu safi hufika huko kwa nadra mno."

Sita. Watu waliozunguka meza wakaguna. Sita tena. Mmoja akapanda juu ya benchi, mwingine akamshika mwenzake bega na kusahau kumwachia. Moja zikaadimika kama mvua ya kiangazi.

Mrusho wa mwisho ukatua. Sita zilikuwa kumi na tisa, moja nne tu. Chaki ikakwaruza.

"Kumi na mbili nukta nne," mwalimu akasema, hamtazami kaka yake.

"Nilisema mimi," muuza nyama akapiga paja.

Seremala hakumsikia. Alikuwa amelichukua dadu, analipapasa: upande wa sita, kisha wa moja ulio mgongoni mwake. Madadu mengine huyatia nukta za rangi. Hili alilitoboa kwa kekee, mashimo ya kina, ili vidole vya bibi visome.

"Ni mashimo," akasema, na sauti ikampanda. "Upande wa sita nimeutoboa mara sita, wa moja mara moja tu. Mwepesi unakaa juu, ule wa moja mzito unalala chini. Bibi, nimekupendelea bila kujua!"

"Kumbe unanipenda," bibi akasema. "Haya, litengeneze. Nitawafunga hata kwa la haki."

Seremala akakimbilia karakana. Akarudi na gundi na unga wa mti ule ule wa dadu, akajaza tundu moja moja, kila moja akiliachia kichuguu kidogo cha kuguswa.

Hakuna aliyeondoka. Mwalimu akafuta meza, akachora safu sita mpya. Muuza nyama akainama, akaanza kuipuliza gundi ikauke, na bibi akanyoosha kiganja juu ya meza, kitupu, kikingoja.