Matundu Saba Chini ya Rafu

"Baba, ubao wa mama uko wapi?"

Seremala alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. La nguo alikuwa na jibu lake, la cherehani pia, hata la ile sufuria kubwa ambayo mashangazi wawili waliitolea macho tangu siku ya mazishi ya mkewe. Lakini ubao! Akajifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa puani.

"Ubao gani, mama?" alimuuliza bintiye.

"Baba naye! Ule wa maduara. Nimesafiri siku nzima kwa ajili ya ule tu. Masufuria wagawane mashangazi."

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mbao ngumu, urefu wa mkono mmoja, ambacho mkewe alikiomba karakanani mwaka ule walipomzika kitindamimba wao. Seremala alirudi kazini siku ya nne, akawa anapigilia misumari kama mtu anayegombana nayo. Mkewe hakuwa na misumari ya kugombana nayo. Kule hospitalini alikomuuguza mtoto huyo, mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akimuuguza mumewe kwenye wodi ya jirani, alikuwa amemwonyesha namna ya kusali kwa bikari. Unachora duara moja katikati, kisha sita kulizunguka, yote ya kipimo kimoja, sindano ikikaa pale mistari inapokutana, mpaka katikati linachanua ua la petali sita.

Basi kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, mama huyo aliweka ubao mezani na kuyapitia maduara yaleyale kwa penseli, midomo ikicheza bila sauti. Duara la saba likishafunga alishusha pumzi, akasimama, akateleka chai.

"Mhandisi wa mbinguni," mumewe alikuwa akimtania. "Ramani ya peponi bado tu haijaisha?"

"Kunywa chai yako, mzee wa stuli."

Na stuli zenyewe! Seremala alikuwa akizichonga kwa pembe sita tangu ujana wake, na hizo pembe alizipata kwa kulitembeza bikari mara sita juu ya duara, vilevile kama mkewe. Hakuwahi kukaa akalifikiria hilo. Aliona tu kwamba bikari lake halipo kwenye sanduku la zana kila anapolihitaji asubuhi.

Ikatokea siku rafu ya jikoni ikavunjika, na wageni wako njiani. Mkewe alikuwa ametoka. Seremala akaangaza macho, akauona ubao nyuma ya mlango, akaupima kwa jicho: saizi yake hasa. Hakusita hata kidogo. Akaupiga randa upande wa michoro mpaka ukang'aa. Matundu saba ya sindano yalikataa kutoka, maana yalikuwa yamezama kwa miaka, na fundi anayejiheshimu haonyeshi matundu. Akaugeuza upande huo ukaangalia chini, akakaza skrubu nne.

Mkewe aliporudi alikuta maranda yametapakaa sakafuni, yamejikunjakunja, na kwenye mengine kuna vipande vya mistari ya penseli. Alipiga magoti akaanza kuyaokota moja moja, akayatia kwenye aproni.

"Acha, nitafagia mimi," seremala alisema.

"Rafu imenyooka," mkewe alijibu.

Kesho yake bikari lilikuwa limerudi kwenye sanduku la zana, limefungwa vizuri. Seremala alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na hicho ndicho kilichokuwa kikimnyima raha sasa. Karakana ilikuwa imejaa mbao. Kumkatia kipande kingine ilikuwa kazi ya dakika tano. Mkewe aliishi miaka minne baada ya hapo, na hizo dakika tano hazikupatikana.

"Baba, nimekuuliza."

Seremala akapiga moyo konde. Alimweleza bintiye yote, tangu rafu kuvunjika hadi skrubu ya nne, macho yake yakiwa kwenye kidole gumba chake.

Binti akageuka kuitazama rafu. "Lakini kila nikimpigia simu nilimuuliza habari za ubao. Ananiambia, uko jikoni."

"Hakudanganya."

"Ulimpiga randa mama yangu," binti alisema polepole. "Na yeye bado akakufichia aibu."

Seremala alileta bisibisi, akashusha mikebe na vikombe, akaifungua rafu na kuigeuza juu ya meza. Upande wa chini ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka minne, lakini matundu yalikuwepo: moja katikati, sita pembeni. Binti akayapapasa kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu meno ya mtoto.

Seremala alikwenda kulichukua bikari. Alitia sindano kwenye tundu la katikati, akaivuta penseli mpaka tundu la pili, akakaza. Kipimo cha mkewe kikawa mkononi mwake.

"Alikuwa akisema nini?" aliuliza. "Midomo ilikuwa ikicheza."

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekuwa ukikaa naye meza moja?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Binti alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Mimi nilijua nitamuuliza nikija likizo. Likizo ya kwanza, ya pili... Ninachokumbuka ni kitu kimoja tu. Ukimsemesha akiwa katikati ya duara, alikuwa akiinua kidole. Hakuwa anajibu mpaka lifunge."

Seremala akaegemea ubao. Penseli ikaanza safari yake juu ya masizi, ikiacha mstari mwembamba unaong'aa. Alipofika nusu, aliusimamisha mkono.

"Mke wangu," alianza, "mimi siku ile..."

"Nyamaza, baba," binti alisema, kidole kikiwa juu. "Halijafunga."