Chupa Tisa za Don Olegario

Akina mama tisa walikuwa wakija kwa don Olegario Sandoval, pembezoni mwa mji wa Gualeguay, kuchukua mafuta ya bangi ya watoto wao wenye kifafa, na hakuna wawili waliowahi kukutana mlangoni pake. Mzee alipanga hivyo makusudi. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya mwezi: anaketi jikoni, anapewa kibuyu cha yerba, chai ya majani machungu, na mrija wake, anakula mkate wa kukaanga, anaeleza habari za mtoto. Hapo ndipo mzee anapofunua mtungi wa kioo na kumjazia chupa yake kwa upawa.

Angeweza kuwajazia wote siku ya kupika, lakini angebaki na mwezi mzima wa kuzungumza na redio. Mkewe alishafariki. Mwanawe aliyehamia mji wa Córdoba alikuwa mtu wa salamu za Krismasi tu.

Wa mwisho kila mwezi alikuwa Yanina, mama yake Pilar, mtoto wa miaka saba. Juni, wiki moja baada ya zamu yake, alirudi ghafla na hakuketi.

"Mwanangu amelala siku mbili, don Olegario. Siku mbili! Namtikisa, hafumbui jicho."

"Umezidisha matone."

"Manane, yale yale! Na Soledad, yule unayeanza naye mwezi, anampa wake manane na mtoto anaanguka kutwa. Nimemkuta hospitalini. Mtungi si mmoja, mzee?"

"Mtungi mmoja, mkono mmoja," alijibu, amenuna. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Lakini Yanina alipoondoka, mzee hakugusa chakula. Akilini alimwona Pilar kitandani, kimya, na alijua ni nani aliyemjazia chupa.

Yanina alipeleka chupa yake na ya Soledad kwenye maabara ya chuo kikuu, wanakopima mafuta ya nyumbani. Alirudi na karatasi na mtaalamu wa maabara mwenyewe, doktora Irurzun, msichana mwenye viatu vya matope na maswali mafupi.

"Ya Soledad ni kama mafuta matupu ya zeituni," alisema. "Ya Yanina ina nguvu mara tano kuliko inavyotakiwa. Nionyeshe unavyofanya, don."

Mzee alifunua mtungi, akateka juujuu.

"Unakoroga?"

"Siku ya kupika."

"Na kujaza?"

"Kila mtu na siku yake."

Doktora aliinamisha mtungi kwenye mwanga. Chini kulikuwa na tope la kahawia.

"Utomvu wa bangi unazama, hasa kwa baridi kali ya mwaka huu. Wa kwanza anachota mafuta ya juu, wa mwisho anabeba utomvu wake na wa wenzake wote. Kwa nini hujazi zote siku moja, yakiwa bado ya moto?"

Mzee angeweza kusema hakujua, na wangemwamini.

"Kwa sababu wangeondoka wote siku moja," alisema.

Doktora hakuelewa. Yanina alielewa, akatazama sakafu.

Julai don Olegario alipasha mafuta, akayakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, akajaza mfululizo chupa tisa kubwa, kila moja ya kutosha miezi mitatu. Hata saa moja haikwisha. Yanina alizichukua zote kwenye kikapu kimoja ili azigawe mwenyewe, akanywa yerba yake amesimama. Maabara ilipima tone kutoka kila chupa: nguvu ileile, zote tisa. Mzee aliisoma karatasi ya majibu mara nyingi kuliko ilivyohitaji kusomwa, maana siku zilikuwa ndefu na hakuna aliyebisha mlangoni.

Agosti simu ililia.

"Pilar hajaanguka wiki tatu, don Olegario! Leo amenirushia soksi usoni, mkorofi huyu!"

Mzee alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alifurahi kweli, haki ya Mungu.

"Mlete Jumamosi basi. Nitakaanga mikate."

"Jumamosi ana sherehe ya mwenzake wa shule, ya kwanza maishani mwake! Na usijisumbue na chupa, tunazo mpaka mwisho wa Septemba."

"Kweli," alisema mzee. "Ndivyo inavyotakiwa."

Yanina alikata simu kwa haraka, kama mama yeyote mwenye mtoto mzima.