Kumi na Moja Mara Nane

Ufa ulianzia juu ya dirisha, ukateremka ukutani kama mkono unaotafuta kitu gizani. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeula mwamba unaobeba mji wa Constantine, Algeria. Asubuhi hiyo wahandisi wa baraza la mji wakaja, wakagonga kuta za shule ya muziki, wakatoa amri fupi: ikifika alasiri umeme unakatwa, jengo linafungwa.

Humo, katika kompyuta kuukuu, zilikaa nyimbo za malouf, muziki wa jadi wa mji huo, zilizorekodiwa kwa waimbaji ambao wengi wao walikwisha kuzikwa. Kanda zenyewe zilioza zamani. Lamine Benchikh, mtunzaji wa nyimbo hizo, alikuwa ameiunganisha kompyuta hiyo kwa kebo na nyingine iliyokuwa maktabani, ng'ambo ya ua, upande ambao mwamba ulikuwa bado imara. Akaanza kunakili.

Kioo kikamwonyesha megabaiti kumi na moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo kazi ingeisha usiku. Na mtandao ulikuwa wa kasi ya elfu moja. Aliyeuweka aliapa hivyo. Diski inakata roho, akawaza Lamine. Aizime, aichomoe, aikimbize kwa fundi kule Algiers. Lakini diski mgonjwa ikizimwa, nani ajuaye kama itawaka tena?

Akampigia Wassila, mdogo wa mkewe, aliyesimamia mitandao ya hospitali. Alizoea kumpigia anapokwama tu, kisha kukata simu bila kushukuru. Hakuwa na roho mbaya. Nyumbani kwao, kumshukuru ndugu kulikuwa kama kumfanya mgeni.

"Haya shemeji, leo kimekufa nini?"

"Diski. Inatoa kumi na moja tu, na mtandao ni wa elfu! Naizima."

"Weka mikono mfukoni! Hiyo kumi na moja inapanda na kushuka?"

"Wapi! Imeganda palepale."

"Kumi na moja za nini? Baiti au biti?"

"Kwani si yaleyale?"

"Ee Mola, nipe subira. Kompyuta ikinakili inakuhesabia baiti. Watu wa kebo wanahesabu biti. Baiti moja ina biti nane. Haya, zidisha."

Lamine alizidisha kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeinuliwa darasani. "Themanini na nane."

"Ongeza kidogo kinachopotelea njiani, maana kila kipande kinasafiri na anwani yake. Unakaribia ngapi?"

"Mia," akasema taratibu.

"Mia kamili. Diski inayokufa inayumba, shemeji. Yako imetulia kama iliyogota darini. Diski yako iko hai; njia ndiyo imebanwa. Ndani ya kebo mna nyuzi nane. Mtandao wa mia unatosheka na nne, wa elfu unazitaka zote. Kuna uzi umekatika."

"Nyuzi nane..."

"Si za udi hizo, usije ukaanza kuzikaza! Fuata kebo, nakuja."

Aliifuata kwa vidole hadi dirishani, akakuta fremu imeshuka pamoja na ukuta, imeikaba kebo shingoni. Alisimama pale akiitazama. Alikuwa amebakisha kidogo aue kilichokuwa hai.

Wassila alifika amelowa hadi kwenye nyusi, kebo mpya imeviringwa ndani ya koti lake. Walisimamisha kunakili, wakaitandika kebo uani kupitia mlangoni, wakaendelea pale walipoachia. Kioo kikaruka: mia na kumi.

"Zidisha," akasema Wassila.

"Mia nane na themanini. Na cha njiani..." Lamine akacheka, machozi yakimlengalenga. "Elfu hiyo. Elfu nzima!"

Wahandisi waliporudi na kufuli lao, wimbo wa mwisho ulikwisha kuvuka ua.

Maktabani aliwangoja Haja Yamina, wa mwisho kati ya waimbaji wale, aliyesikia habari za ufa akaja kwa miguu akiegemea ukuta baada ya ukuta. Lamine alimpa kiti karibu na jiko la gesi. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Wassila." Akamsogelea. "Ahsante. Ya leo, na ya zile siku nyingine zote."

Wassila alimpapasa paji la uso. "Una homa?" Lakini alipogeuka kukamua ushungi wake, aligeuka upesi mno.

Lamine akafungua rekodi moja bila kuchagua. Kabla ya udi, mtu alikohoa, mwingine akanong'ona, na msichana akaangua kicheko, akanyamazishwa na wanaume kwa pamoja.

Haja Yamina akaweka mkono mdomoni.

"Walinifokea wote siku ile," akasema. "Na sasa wote wamenyamaza, kicheko changu kipo." Akasogeza kiti. "Rudisha, mwanangu. Usianzie kwenye wimbo. Anzia kwenye kikohozi."