Kompyuta Ilisema Hakuna

"Hakuna," alisema Ndanu, aliyejitolea kuwatafutia watu jamaa zao kwa kompyuta. Magdaline akamwomba atafute tena.

Ilikuwa Januari 2008, na kanisa moja la Gatina, Kawangware, lilikuwa limejaa watu waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi. Magdaline alikuwa amepotezana na bintiye wa miaka sita, Ndululu, wakikimbia moto Kibera. Nje, lori la kuwapeleka watu kwao Machakos lilikuwa likipiga honi. Kaka yake alishapanda.

Programu ya kutafuta majina aliiandika Sadiq, Mnubi mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na Olympic kule Kibera, akaituma kwa flashi pamoja na orodha za kambi zote na za watoto waliohifadhiwa majumbani. Tangu jana Ndanu alikuwa amewaambia watu wengine kumi na mmoja kwamba jamaa zao hawamo. Kumi na mmoja, asipatikane hata mmoja?

Alifungua orodha moja kwa mkono, akachukua jina la kwanza, akalitafuta kwa programu. Hakuna.

"Mama, usipande lori," akasema, huku akimpigia Sadiq.

"Sadiq, hii kitu yako haisomi orodha! Inakataa hata majina ninayoyaona."

"Mashine yenu ni Windows?"

"Linux."

Sadiq akaifungua programu kwake. "Wueh. Njia za faili niliziandika na mkwaju wa Windows, ule mstari ulioinamia nyuma. Na faili ikikosekana, inasema tu hakuna. Kosa ni langu."

Ndanu akatazama: orodha\kibera\watoto.txt. Kwa Linux, hilo lilikuwa jina moja refu la faili lisilokuwepo, si folda ndani ya folda.

"Niugeuze?"

"Usiandike mkwaju wowote. Weka amri ya os.path.join, itachagua yenyewe kulingana na mashine. Hapo itafanya kazi kwenu na kwangu."

Ndanu akarekebisha mistari tisa, akalitafuta tena jina la mtoto. Kaka mtu akaingia akifoka, "Magda, tunaachwa!" Magdaline hakugeuka.

Kompyuta ikaandika: Ndululu, msichana, miaka sita. Yuko kwa Mama Mabrouka, Makina, Kibera.

Magdaline alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Lori liliondoka bila yeye. Siku mbili baadaye, barabara ilipotulia, Sadiq mwenyewe alimleta mtoto.

Lakini siku ile Ndanu hakungoja shukrani. Aliyarudia yale majina kumi na moja, na manne yakapatikana. Watatu kati ya waliouliza bado walikuwa uani, akawaendea mbio. Wa nne, mzee Mwanzia, alikuwa ameondoka jana kwenda Kitui, hana simu, akiamini mkewe amekufa. Ndanu akaanza kumuuliza kila Mkamba pale uani kama anakijua kijiji cha mzee huyo, ili apelekewe habari kwamba mkewe yu hai.